Kifuniko

Sahani haisafiri ikiwa imelala.
Doreen alinifundisha siku ya kwanza, hapa Longton,
mimi na koti la kuazima, Kiingereza cha kuokoteza:
isimamishe wima, alisema, kama kitabu rafuni.
Ikilala itabeba uzito wa wenzake wote
na itakayopasuka ni ile ya chini, isiyosema.

Miaka kumi na tisa nikasimamisha sahani.
Vikombe nikavijaza karatasi matumboni kwanza,
maana chombo huvunjikia pale palipo patupu.
Mkono wa kikombe nikauzungushia kitambaa
kama wa mtoto aliyeteguka.
Vyombo vya watu. Vya arusi, vya kustaafu,
vya kwenda Toronto, vya kwenda Osaka,
simjui hata mmoja aliyekunywa chai humo.

Kisha boksi hutikiswa.
Doreen akiinamisha sikio, macho kayafumba,
kama anayesikiliza kifua cha mtoto.
Likisema neno, fungua.
Hata kama lori limeshawasha, hata kama ni Ijumaa jioni,
fungua, anza upya.
Boksi zuri ni boksi bubu.

Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta
hawakufanya kazi kwenye meza ile.
Sisi ufa tuliutafuta kwa ukucha:
gonga ukingo, chombo kizima kinaitikia, tiii,
chenye ufa kinajibu kama mtu mwenye tonge mdomoni.
Hakizibwi. Kinapelekwa rafu ya kasoro, nusu bei,
na ndivyo vyombo vyote vya nyumbani kwangu.

Kiwanda kilipofungwa walitugawia birika, kila mtu lake,
jeupe, la maua ya buluu. Halina ufa, nimeligonga.
Doreen lake aliliuza kabla ya Krismasi. Simlaumu,
gesi ya baridi ile haikumwogopa mtu.

Langu leo nalifunga liende Muheza, kwa dada yangu Tatu,
ambaye kila tukizungumza lazima aulize:
hivyo vyombo unavyofunga, mbona huku hatuvioni?
Mvua inapiga dirisha la jikoni.
Nimekata sweta ya shule ya Nassoro, mwenyewe sasa ana ndevu,
mkono mmoja nimeuvika mdomo wa birika,
mdomo mwembamba unaotangulia kuvunjika siku zote,
kama wa msema kweli.
Boksi ndani ya boksi,
na kati yao vidole vitatu vya karatasi zilizofinyangwa,
pande zote sita. Wengi husahau juu.

Kifuniko hakisafiri kikiwa juu ya birika.
Hilo nalo ni la Doreen: vilivyozoeana
ndivyo vinavyogongana njiani.
Kifunge peke yake, kipe kona yake,
watakutana mbele ya safari.

Nimekifunga. Nimekipa kona.
Nikatikisa boksi: bubu.
Nikakaa. Chai ikanipolea mkononi.
Nikachukua kisu, nikakata utepe wote ule,
nikakitoa.

Posta, Bwana Gurdev kaniuliza kama kuna cha kuvunjika,
akabandika stika yake nyekundu yenye picha ya bilauri,
ambayo, naapa, husomwa na aliyeibandika tu.
Thamani?
Kalamu ilikaa hewani. Nyuma yangu foleni ikakohoa.
Nikaandika pauni kumi na mbili.

Najua Tatu atapiga. Atafoka kabla ya salamu:
miaka kumi na tisa unawafungia Wazungu vyombo,
hiki changu kimoja umesahau kifuniko!
Nitamwacha amalize, salio ni lake.

Kiko juu ya friji, ndani ya soksi ya sufu,
kimelalia pasipoti.
Hicho, Tatu, hakipiti posta.
Kinakuja kwa mkono.